Kitabu cha nyimbo cha Hedvig kilivyonirudisha kwenye kinanda

Wakuu, salaam kutoka Stockholm.

Najua humu mtu akianza stori ya Ulaya mnainjika sufuria ya chai. Leo iepueni kwanza, si uongo, haya yamenikuta mwenyewe wiki tatu zilizopita.

Naishi Jakobsberg, nje kidogo ya mji. Kazi yangu ni kuhamisha vyombo kwenye nyumba za marehemu. Ndugu wanachagua wanachotaka, kilichobaki tunabeba sisi, kingine duka la mitumba, kingine dampo.

Kabla ya hapo nilikuwa kiwandani. Mashine ya kukatia mbao ikaondoka na kidole changu cha pete, mkono wa kushoto.

Na mimi ndiye nilikuwa mpiga kinanda wa ibada yetu ya Kiswahili. Miaka miwili sikugusa kinanda. Kwaya ikawa inaimba kwa kufuata muziki wa simu. Niliona aibu, wakuu. Mke wangu alinisihi mpaka akachoka.

Sasa twende.

Tukapata kazi kwenye flat moja ya kizamani katikati ya mji. Aliyetupokea ni bibi mmoja, Gunilla; flat ilikuwa ya dada yake aliyefariki. Sebuleni kuna piano, nayo inaondoka. Juu yake kuna kitabu kikubwa, jalada la ngozi, jina kwa maandishi ya dhahabu: Hedvig.

Nikafungua. Ndani ni noti za nyimbo mojamoja: waltz na polka za dansi, nyimbo za mapenzi. Kila moja ilinunuliwa peke yake, halafu mwenyewe akazipeleka kwa fundi zikashonwa pamoja. Hiyo ni miaka ya elfu moja mia nane na kitu, hakuna redio. Ukitaka muziki sebuleni, piga mwenyewe. Yaani ile ndiyo playlist yake.

"Na hiki?" nikamuuliza Gunilla.

"Cha mama yake bibi yetu. Hakuna anayepiga tena. Tupa tu."

Nilikuwa nakitupa kweli, ila jicho likaona namba za penseli juu ya noti. Kwa wasiojua, hizo zinakuambia kidole gani kibonyeze wapi. Moja ni gumba, nne ni cha pete, tano ni cha mwisho.

Nyimbo za mwisho wa kitabu, mkono wa kushoto, hakuna nne. Moja, mbili, tatu, tano. Ukurasa baada ya ukurasa.

Nikarudi mwanzo. Nne zilikuwepo, zikafutwa, namba mpya zikaandikwa juu yake. Wimbo kwa wimbo.

Nikatazama mkono wangu.

Kama kidole kilikatika au kilikufa ganzi, sijui. Ninachojua ni kwamba yule mama alishika penseli akaanza upya.

Nikaomba dakika tano, nikakaa. Nikachagua waltz fupi. Nikakosea, nikarudia. Kisha nikafuata namba zake tu, na vidole vikafika. Nililia, siwafichi, mwanaume mzima na glovu za kazi mfukoni.

Gunilla alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamwonyesha namba, nikamwonyesha mkono.

"Hatukuwahi kuambiwa," akasema. Akakichukua kitabu, akakipakata. "Hiki hakiendi popote."

Nilikuwa nimeshakitamani jamani, lakini ningesema nini? Ni cha kwao.

Nyumbani nikamsimulia binti yangu Neema. Mimi Kiswahili, yeye Kiswidi, ndivyo tunavyoishi.

"Spelade du, pappa?" Ulipiga kweli, baba?

Nikamwambia alete penseli.

Tukakaa na noti za wimbo wa Jumapili, yeye na raba, mimi naandika. Moja, mbili, tatu, tano.

Jumapili nikapiga. Nilikosea mara mbili, wazee wa kanisa wakajifanya hawajasikia. Simu ya kwaya ilibaki mkobani.

Funzo langu ni dogo. Miaka miwili nilidhani nimepoteza muziki, kumbe nilipoteza kidole. Aliyenifundisha hilo huenda alikufa kabla bibi yangu hajazaliwa, na hakuniachia neno hata moja, namba tu.

Haya, na wewe uliacha nini ukasema basi? Tiririka hapo chini. Wa chai pia karibuni, sukari ipo.