Kalamu Yenye Kamba

Mzee anayechapa barua kwenye steshenari ya uchochoroni Kariakoo hutumia vidole viwili tu, midomo ikimcheza, na barua ya kazi haitoki kwake bila neno lake la Kiingereza, "inherent". Candida, anayeomba kazi ya keshia, aliuliza maana yake.

"Kitu ulichozaliwa nacho, binti yangu. Uaminifu wako uko damuni, hukufundishwa na mtu."

Candida akajiona mrefu kidogo. Mzee akaipuliza karatasi kama uji wa moto, akamsogezea asaini. Candida akavuta kalamu, ikagoma. Imefungwa kamba kwenye mguu wa meza.

"Mzee, si nimezaliwa mwaminifu?"

"Hivyo nimemwandikia bosi wako," akajibu bila kuinua macho. "Kalamu ni yangu."