Kompyuta Aliyoikataa Burulcha

Burulcha alikuwa fundi wa kompyuta katika mji wa milimani wa Naryn. Kila theluji ilipofunga njia ya bwawani, alifungua milango ya maji akiwa ofisini, kwa kutuma amri kwa kompyuta ya bwawani kupitia modemu ya simu. Programu ndogo aliyoiandika mwenyewe ilizificha amri hizo, anayedukua laini asiambulie kitu.

Asubuhi moja ya Machi maji yalipanda ghafla. Burulcha alipiga simu, modemu ikalia, kisha programu ikaonya kuwa kompyuta iliyojibu siyo ile inayoijua.

“Andika nywila, dada! Maji hayasubiri!” alifoka Toktosun, mkuu wake.

“Siandiki, mkuu. Simjui anayejibu.”

“Kijiji kilicho chini ya bwawa kikizama, utawaeleza watu wewe?”

Burulcha alikata laini, akamwita mlinzi aliyekuwa bwawani kwa redio na kumuuliza kama kompyuta ya huko iko sawa.

“Kompyuta yetu?” mlinzi alishangaa. “Mbona imezimika tangu jana!”

Basi kuna mtu aliyekuwa ameiteka laini, akiingojea ile nywila. Mlinzi alizungusha gurudumu la milango kwa mikono, saa nzima, hadi maji yakaanza kushuka.

Toktosun alimmiminia Burulcha chai. “Kunywa, mkaidi wewe,” alisema.