Seli Zilizochelewa Kuhama

Mkwe wangu ni msusi. Saluni yake ni chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kilichopasuka pembeni na draya inayonguruma kama trekta. Ana vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Mteja akilalamika kuwa anavutwa nywele, humjibu: "Vumilia, dada. Urembo haujawahi kuomba radhi."

Mwanawe alipoanza kushikwa na degedege, tulimpeleka hospitali akapigwa picha ya kichwa. Daktari alisema ni kifafa, akatueleza chanzo chake vizuri. Seli za ubongo huzaliwa ndani kabisa ya kichwa, mtoto akiwa bado tumboni. Kisha huhama, zikipanda kwenye nyuzi nyembamba kwenda juu, kila moja na mahali pake. Zinazozaliwa baadaye huwapita wakubwa zao na kukaa juu yao. Za mjukuu wangu, baadhi hazikufika.

"Kwa hiyo tatizo ni kuhama," alimaliza.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alikuwepo. Katika maelezo yote yale alitoka na neno moja tu: kuhama. Na mkwe wangu alihamisha saluni akiwa mjamzito! Basi, akaitisha kikao sebuleni kwangu ili mwanangu amrudishe mkewe kwao.

"Daktari mwenyewe kasema," alianza. "Kahamahama na mimba. Ukoo wetu haujapata kuwa na mtoto wa kifafa."

"Baba mkubwa," mkwe wangu akajibu, mtoto kampakata, "niliyohamisha mimi ni saluni. Seli hazipandi mkokoteni."

Mwanangu akaangua kicheko, akajitia kukohoa.

"Mnausikia mdomo huo?" shemeji akafoka.

"Tumeusikia," nikasema, "na umesema kweli."

Nimesoma, na jina la mume wangu nalilinda kuliko nyumba hii. Ndiyo maana sikunyamaza. Nilimweleza upya, taratibu, kwamba safari ile ni ya seli, ndani ya tumbo, na hakuna mama anayeiongoza. Nikaongeza alilolisema daktari wakati shemeji ametoka kupokea simu: mara nyingine hali hii ni ya kurithi.

"Huenda imetoka kwao, huenda kwetu. Ukitaka tumsake mwenye damu hiyo, tutaanza kupima yako."

"Shemeji, unatuvua nguo!"

"Anayetuvua nguo ni anayemfukuza mama wa mtoto mgonjwa. Mwanangu, unamrudisha mkeo?"

"Simrudishi, mama. Hata kikao kikae mwaka."

Shemeji akasimama, akatafuta viatu vyake mlangoni.

"Na watu wakiniuliza?"

"Waambie ni mjukuu wetu, ana kifafa, na anatibiwa. Ikikushinda kutamka, walete kwangu."

Aliondoka bila kuaga. Mkwe wangu akamimina dawa kwenye kijiko, palepale sebuleni, mlango ukiwa wazi.