Nilimwambia Bibi Kitambaa Kilikuwa cha Bluu

Naanza na kosa lenyewe, ili asiyependa maneno mengi aishie hapa: mdoli nilimharibu mimi, nikasema ameharibiwa na bibi wa watu. Jina langu naomba mniachie. Kigoma ni ndogo.

Mimi ni mpambaji. Nina kiti changu katika saluni moja hapa Gungu, napamba maharusi. Nyusi zangu zinasifika, na hizo sifa ndizo zilizoniponza.

Mteja mmoja, nimwite Mama Doreen, ni mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya, akaolewa na kijana wa Kiha. Siku moja nilipomaliza kumpaka alijitazama kwenye kioo muda mrefu, halafu akaniuliza, "Dada, unaweza kumpaka mtu mwenye uso mdogo kama yai la bata?"

Nikasema naweza. Nilidhani ana kichanga.

Kumbe ana midoli! Siyo hii ya sokoni, jamani. Hii ina viungo: shingo, viwiko, magoti, mpaka vifundo vya miguu, vyote vimeungwa kwa vigololi na uzi wa mpira unaopita ndani. Ukimkalisha, anakaa. Ukimkunja mkono, anakaa hivyo hivyo mpaka kesho. Dada yake aliyeko nje ya nchi ndiye anayemtumia. Vichwa vinakuja vitupu, havina nyusi wala rangi ya midomo, na mwenye mdoli anatafuta mtu wa kumpa sura. Watu wazima wanaikusanya na wanafahamiana dunia nzima. Mimi nilikuwa sijui.

Mama Doreen alikuwa nayo minne, kwenye kabati la kioo sebuleni kwake Buzebazeba. Mitatu haikuwa na sura. Wa nne, Sabrina, alikuwa amepakwa na fundi wa huko nje ambaye baadaye aliacha kazi hiyo kabisa. Hakuna mwingine wa mkono ule.

"Jifunzie kwenye hivi vichwa vitatu," akaniambia. "Sabrina mtazame tu, uige. Usimguse."

Nikaanza kwenda kwake mchana, saluni ikiwa haina watu. Nilijifunza kwa video za kwenye simu. Unasaga chaki laini za rangi mpaka ziwe unga, unapaka kwa brashi, unapulizia dawa ya kushikisha, unasubiri ikauke, unarudia. Kope unazichora moja moja, kwa brashi yenye nywele tatu. Mimi ninayemmaliza bi harusi kwa saa moja nilikaa wiki mbili kwenye nyusi za mtu asiye na damu!

Kichwa cha kwanza kilitoka kama mwanamume aliyepigiwa simu ya msiba. Nikakifuta. Cha pili nilikipulizia dawa siku ambayo unyevu wa ziwa ulikuwa mwingi, kikawa cheupe kama kimemwagiwa unga wa muhogo. Nikakifuta nacho. Cha tatu kilianza kuwa mtu.

Pale nyumbani, Mama Doreen na mumewe wakiwa kazini, nilikuwa nabaki na mama mkwe wake. Bibi mzima wa afya, mwenye shamba lake la michikichi kijijini, ambaye alikuja mjini kusaidia nyumba na kwa kweli ndiye aliyekuwa anaiendesha. Anapika, anafua, anagombana na wauza samaki mpaka wanapunguza bei. Midoli hakuipenda.

"Hawa watoto hawapepesi macho," aliniambia. Wakati wa kula alikuwa anafunika kabati kwa kanga.

Siku yenyewe bibi alikuwa uani anakaanga samaki, migebuka ya ziwani. Mimi nikamtoa Sabrina kabatini. Nilitaka kuona nyusi zake kwa karibu, basi. Kidole changu kilikuwa na unga wa chaki, kikaacha doa la waridi shavuni. Dogo, kama punje ya ulezi.

Ningeliacha! Ningesema, "Mama Doreen, samahani, nimemshika." Angenikaripia kidogo, yakaisha.

Badala yake nikafungua mkoba, nikatoa dawa ya kutolea rangi ya kucha na pamba.

Doa lilitoka. Shavu likatoka nalo. Halafu uso wenyewe ukaanza kulainika na kunata, na pamba ikagandia kidevuni. Nikavuta, zikabaki nyuzi. Sabrina alikuwa ameota ndevu.

Nilimrudisha kabatini, nikamgeuzia ukutani. Bibi akaniita kula. Nilikula, tena nikaongeza.

Jioni simu ikaita. "Dada, Sabrina amefanyaje?"

"Mimi nimemwacha mzima," nikasema. "Labda bibi. Nilimwona anapangusa kabati."

Sikuwa nimepanga. Lilitoka lenyewe, laini, kama vile lilikuwa linasubiri tu niulizwe. Nilijua bibi atakataa, nami nitakaza, na itabaki neno lake na langu, baadaye watu watachoka.

Bibi hakukataa. Mungu wangu, bibi hakukataa!

Kesho yake nilimkuta amekaa kwenye kochi, mikono mapajani. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mwanangu. Nasikia nimemwosha mtoto wa watu uso." Akatingisha kichwa. "Sikumbuki. Lakini juzi miwani niliitafuta, kumbe nimeivaa. Labda ni mimi."

Mama Doreen hakumgombeza, hata kidogo. Alimwambia, "Mama, usijali, ni mdoli tu," akaingia chumbani akalia huko. Upole wao ndio uliofanya mambo yawe mabaya. Mumewe alisema mama asiachiwe jiko la gesi tena. Funguo zikawekwa juu ya kabati asizifikie. Pesa ya samaki akawa anapewa jirani. Wakampeleka akapimwe, daktari akamuuliza leo ni siku gani. Bibi akajibu ni Jumatano, na kwamba daktari amefunga vifungo vya shati lake vibaya. Daktari akasema haoni tatizo. Wao wakasema huwa linaanza polepole.

Na mimi? Mimi nilipewa kichwa cha Sabrina nijaribu kukiokoa. Nikakisugua kwa msasa laini, nikakipaka upya, na kilitoka vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Mama Doreen alinikumbatia. Bibi alikuwa pale anatazama. Akanivuta pembeni.

"Mwanangu, wewe una kumbukumbu nzuri. Siku ile nilikuwa nimeshika kitambaa gani?"

Mlango wa kusema ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Nikasema, "Cha bluu, bibi."

Akafumba macho. Alikuwa anajitahidi kukumbuka. Halafu uso ukamfunguka. "Ahaa. Cha bluu. Kweli. Sasa nakikumbuka."

Wallahi, sijawahi kuogopa kama siku ile.

Lakini sikusema. Mwezi uliofuata bibi alikwenda kijijini, akawaita wanawe, akawaambia akili zake zimeanza kuondoka na hataki zimalizike kabla hajaweka mambo sawa. Shamba la michikichi akamwandikia mwanawe mkubwa, kaka wa mume wa Mama Doreen, karatasi ikasainiwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Mama Doreen ndiye aliyenisimulia, nikiwa nampaka nyusi.

Jumapili nilipanda bodaboda mpaka Buzebazeba. Wote walikuwepo, na bibi alikuwa amesharudi kutoka kijijini. Nilisema nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitaomba maji, nikipewa maji nitaongea habari nyingine. Nikataja chaki, pamba, dawa, simu, kitambaa. Nikasema hapakuwa na kitambaa chochote.

Bibi ndiye aliyeongea kwanza. "Kwa hiyo akili zangu ninazo?"

"Unazo, bibi."

"Zote?"

"Zote."

Akainuka, akaingia jikoni, tukasikia gesi inawashwa. Hakuna aliyemzuia. Mama Doreen alifungua mlango wa mbele, akasimama kando yake, akaniambia kwa sauti ya kawaida, "Dada, nenda." Nikaenda. Hajanijibu simu tangu siku hiyo, na wateja aliokuwa ananiletea wamekwenda kwa wengine. Hilo nimelistahili, silalamiki.

Ninalolalamikia ni shamba. Bibi alirudi kijijini kulidai, na yule mwanawe mkubwa akawaambia watu kwa huzuni kabisa, "Mama alinipa mwenyewe. Tatizo lake anasahau." Tayari ameshauza mavuno ya mawese ya msimu huu.

Wiki iliyopita niliitwa ofisi ya kijiji kutoa ushahidi. Nikaeleza yote, kama nilivyowaeleza ninyi. Mzee mmoja wa baraza alinisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaniuliza, "Binti, uliongopa wakati ule, au unaongopa sasa?"

"Wakati ule, mzee."

"Nasi tutajuaje?"

Nilimtazama bibi. Alikuwa amekaa benchi la mbele, mgongo wima, ananitazama bila kupepesa. Shauri likaahirishwa.

Ndugu zangu, mnaojifunza kazi kwenye vitu vya watu: mtaharibu. Hilo halikwepeki, na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, mikono ikiwa bado inanuka dawa. Utatukanwa, utalipa, utalala. Usingoje kama mimi. Leo nasema kweli kwa kila anayetaka kusikia, na bibi wa watu bado hana shamba.