Kahawa Aliyoikataa Fundi Anselmi

Nakumbuka siku mume wangu alipokataa kahawa mbele za watu, mwanangu, na hadi leo nikiikumbuka moyo unaniuma. Wewe umechaguliwa udiwani majuzi tu, bado unatembea kwa mikogo na faili kwapani. Nasikia baraza lenu linabishana kuhusu vitenge vinavyoingia kutoka Uganda: mkae na wafanyabiashara mzungumze, au mtunge sheria ndogo ya kuvipiga marufuku. Keti basi nikusimulie. Hayo sisi tulishayapitia, ila wakati ule ugomvi ulikuwa wa mitumba.

Nilikuwa binti mbichi, nimeolewa na Anselmi, fundi cherehani hapa gulioni. Alikuwa na maneno mengi na mshono mzuri, nami nilimpenda kwa yote mawili. Karibu na cherehani yake, rafiki yangu Koleta, ambaye nilikua naye Nyakatuntu, alikuwa akitandaza turubai na kufungua belo la mitumba. Wateja walimjaa. Mafundi wakaona watakufa njaa, wakamtanguliza Anselmi kwa madiwani akadai mitumba ifukuzwe.

Madiwani walikuja kutusikiliza katika darasa la shule. Mmoja wao, mzee wa watu, alisihi tukubaliane: wauzaji wawaachie mafundi sare za shule na nguo za harusi, mafundi nao wawaache wauzaji na maturubai yao. Wengine walitaka sheria, maana hiyo unainyooshea mkono asubuhi na mchana uko nyumbani kwako unakula. Mwenyekiti akasema atatuangalia sisi wenyewe kwanza, kama tunaweza kusikilizana.

Hapo Koleta akainuka na kikapu kidogo cha akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna. Desturi unaijua: ukiipokea umekubali kumsikiliza mwenzio, hata kama baadaye mtagombana. Akapiga goti mbele ya mume wangu.

"Shikamoo shemeji," alisema. "Tafuna kwanza, halafu unitukane."

Watu wakacheka. Nilidhani Anselmi naye angecheka, kwa sababu hawa wawili walizoea kutaniana hivyo kila siku ya gulio. Akafumbata mikono.

"Tutatafuna sheria ikishapita."

Koleta alibaki amepiga goti na kikapu chake, mpaka nikaona haya kumtazama. Mwenyekiti akasema basi, wenyewe hawataki. Madiwani wakapiga kura, mitumba ikapigwa marufuku. Mafundi walimbeba Anselmi mabegani huku wakiimba.

Furaha ile haikudumu, mwanangu. Baada ya muda ndipo tulipoona jambo lililokuwa mbele ya macho yetu siku zote. Suruali za kupunguza, zipu za kubadilisha, magauni ya kubana kiuno, karibu kazi zote za Anselmi zilitoka kwenye turubai la Koleta. Mtu alinunua kwake, akageuka, akampelekea fundi. Sasa Koleta alikuwa amehamia ng'ambo ya mpaka, wateja wakamfuata huko, na mafundi wa huko ndio wakapata hizo suruali. Kila asubuhi mume wangu aliipaka cherehani mafuta, akaifunika, akachukua jembe kwenda kupalilia migomba ya watu. Niliumia sana kumwona.

Mama mkwe wangu hakumpigia kelele. Alimwekea ndizi mbele yake, akasema, "Anselmi, sheria ungeipata hata mwezi uliofuata. Koleta ulikuwa naye siku ile tu." Mume wangu hakula.

Alitaka kwenda kumwomba radhi, nakwambia kweli. Akasema tumalize kuchuma kahawa kwanza, kisha akasema mvua ipungue. Tukiwa katika hayo tukaletewa habari kwamba Koleta amefariki huko ugenini na analetwa kuzikwa Nyakatuntu. Tulikwenda. Anselmi alikuwa amefunga akamwani kwenye leso, akawa anazunguka nayo msibani, hajui ampe nani. Mwishowe mama yake Koleta akamshika mkono, akamfungua vidole, akaipokea. Lakini hakutafuna. Anselmi naye sasa yuko kaburini, na mimi bado ninalia kwa ajili ya siku hiyo.

Sisemi sheria ni mbaya, mwanangu. Pengine mtaitunga na itafaa. Ila kabla hujanyoosha mkono kupiga kura, nenda mpakani ukakae na hao wenye vitenge, uwaite na mafundi wetu, uulize nani anakula kupitia kwa nani. Usione aibu kurudi barazani ukasema bado mnazungumza. Na mtu akija kwako amepiga goti, mpokee siku hiyohiyo.

Mungu akupe masikio ya kusikiliza, akulinde na makofi ya watu wanaokushangilia, akurudishe salama kwa mama yako. Haya, chukua akamwani hii uende nayo. Usije ukaitafuna peke yako.