Besi ya Stambuli Yawatimua Watu Harusini

Stambuli Dadi wa Mwembesongo alikuwa fundi baiskeli, na Jumamosi alipiga besi kwenye bendi ya mtaani. Besi yenyewe aliiunda kwa mbao za masanduku ya chai, ikawa ndefu kumpita. Nyuzi zake zilipita juu ya bawaba kuukuu ya mlango, iliyoshikwa na skrubu mbili. Ukizikaza skrubu, bawaba inalala na nyuzi zinashuka, ukizilegeza, nyuzi zinapanda.

Kufikia mwaka 1954 bawaba ilikuwa imeliwa na kutu. Skrubu ziligoma kabisa, nyuzi zikabaki juu kama kamba za kuanikia nguo, na vidole vya Stambuli vikajaa malengelenge. Ugali wa moto hakuweza kuushika. Mkewe, Asha, ndiye aliyemmegea.

"Nina mtoto mwingine," Asha aliwaambia majirani, "ila huyu ana masharubu."

Maneno hayo yalimchoma. Asubuhi ya siku waliyoalikwa kupiga harusini Mkuyuni, aliimwagia bawaba mafuta ya taa, akazibana skrubu kwa koleo na kuzungusha kwa nguvu zote. Ka! Bawaba ikalala chali. Nyuzi zikawa laini, kidole kinazama chenyewe. Alitaka kuijaribu, lakini lori la bendi lilikuwa likipiga honi nje.

Huko Mkuyuni, baada ya misa, watu walijaa uwanjani. Bendi ikaanza. Stambuli alifumba macho, kama kawaida yake, akaupiga uzi mnene. Nyuzi zilikuwa chini mno. Zikagonga ubao wa shingo na kulia *zzzzzzz!*

Mzee Gabrieli, babu yake bibi harusi, alikuwa amefuga nyuki maisha yake yote. Aliruka kutoka kitini.

"Nyuki! Kimbieni!"

Watu wakatawanyika migombani. Mpiga ngoma alitangulia, ngoma ikabaki. Stambuli, macho yamefumbwa, akaona leo anasikika vizuri ajabu, akazidi kupiga. Moshi ndio uliomfumbua macho. Uwanja ulikuwa mtupu, na Mzee Gabrieli alikuwa amesimama mbele yake, akiifukiza besi kwa mwenge wa majani makavu.

"Shikamoo, mzee," alisema Stambuli, akikohoa. "Si nyuki. Ni besi hii."

"Marahaba. Funga mdomo wasije wakaingia."

Bibi harusi, Bernadeta, alichungulia kutoka chini ya meza. Alipouona uzi ukitetemeka juu ya ubao, alicheka mpaka shela ikamdondoka. "Babu, huyu bwana nyuzi zake zimelala! Si aziinue kwa kitu?"

Stambuli alitafuta kipande cha ngozi, hakupata. Bwana harusi, Dominiko, alitoka migombani akichechemea. Viatu vya kuazima vilikuwa vimembana tangu kanisani. Akakivua kimoja haraka, kama mtu aliyesubiri sababu. "Kata soli! Kata hata zote mbili!"

Kipande cha soli kikawekwa chini ya bawaba, nyuzi zikainuka kidogo, na besi ikatoa sauti nzito, safi. Watu wakarudi mmoja mmoja. Dominiko alicheza pekupeku mpaka jua likazama, akawashinda wote.

Mwenye viatu, Stefano, alikuja juu kwanza. Kisha akaisikiliza besi, akaanza kuwavuta watu mikono.

"Mnasikia hiyo? Kiatu changu hicho!"

Mzee Gabrieli yeye hakukubali kamwe. "Walikuwamo," alisema. "Moshi wangu ndio uliowatoa."