Komeo la Ndani

Unacheka hata sijaanza? Cheka, lakini mikono ni yangu, na nyumbani naishi peke yangu.

Baridi yabisi ilinivimbisha vidole nikashindwa kuvuta komeo. Nikawa nalala mlango umerudishwa tu. Asubuhi nalikuta komeo limevutwa, kwa ndani. Utasema mzee anasahau. Nasahau mengi, ila kidole kisichokunjika hakikuvuta komeo.

Katika hospitali moja ya binafsi, hapa Singida mjini, daktari akaniambia, "Shikamoo bibi. Lengo letu ni nini?"

"Marahaba. Malengo ya mavuno si yaliondoka na duka la ushirika? Alizeti nimepata madebe mawili tu."

"Lengo la mikono, bibi."

"Nifunge mlango mwenyewe. Anayenifungia apumzike."

Hakucheka, aliandika. Kila mwezi alibonyeza vifundo kimoja kimoja, akahesabu vilivyovimba, akabadilisha dawa mpaka kisivimbe hata kimoja.

"Leo tujaribu lengo," akasema. "Toka, ufunge mlango wangu."

Nikatoka, nikaufunga kwa mkono wangu, bila maumivu. Kwa ndani, komeo likavutwa. Nikachungulia dirishani: daktari ameketi peke yake kule mezani, kalamu mkononi, anautazama mlango.